Nani Alipanga Bei ya Hiyo Chokoleti?

Umewahi kuona zile chokoleti za bei kali, ziko na picha ya mkulima anatabasamu na maneno matamu ati "kakao yetu imenunuliwa kwa haki"? Mimi huzipenda, siwadanganyi. Lakini wasee, kabla tupige makofi, niko na swali moja: hiyo bei ya haki ilipangwa na nani?

Twende Ghana, enzi hizo ikiitwa Gold Coast. Miaka ya 1870 mhunzi mmoja, Tetteh Quarshie, alirudi nyumbani kutoka kisiwa cha Fernando Po na mbegu za kakao, akazipanda Mampong. Majirani wakachukua mbegu, na majirani wao pia. Kufikia 1911 Gold Coast ilikuwa inaongoza dunia kwa kakao, na nyingi ilitoka kwa wakulima Waafrika wenye mashamba yao, si kwa walowezi.

Wakati huo huo, kakao ya São Tomé ilikuwa inavunwa na watu waliotolewa Angola kwa nguvu. Mwandishi Henry Nevinson alianika hayo maovu kwa kitabu chake cha 1906. Mwaka wa 1909 kampuni ya Cadbury ya Uingereza ikaacha kununua huko, ikageukia Gold Coast. Sasa kakao ni ya wakulima huru. Safi, si ndio?

Ngoja kwanza. Mwaka wa 1937, Cadbury hiyo hiyo na makampuni mengine makubwa ya wanunuzi walikaa chini wakakubaliana wasishindane tena kwa bei. Mkulima akienda kwa huyu, akienda kwa yule, jibu ni lile lile. Hapa hakuna aliyeshikiwa kiboko. Makubaliano tu yalitosha.

Wakulima wakakataa kuuza. Kuanzia mwishoni mwa 1937 hadi Aprili 1938 kakao ilikaa, machifu wakawaunga mkono, na bidhaa za maduka ya Wazungu zikasusiwa pia. Hebu fikiria: uko na mavuno, uko na madeni, na bado unasema siuzi. Serikali ya Uingereza ikalazimika kutuma tume, na yale makubaliano hayakudumu.

Lakini ushindi haukuwa kamili. Mwaka wa 1947 ikaundwa bodi ya serikali ya kununua kakao, na bei ya dunia ilipopanda, pesa nyingi hazikumfikia mkulima. Kama umelelewa na mkulima wa kahawa hapa Kenya, hii hadithi huhitaji kuelezewa.

Ndio maana Kilombero, Tanzania, inanivutia. Kokoa Kamili hununua mbegu mbichi kutoka kwa wakulima wadogo, halafu inazichachusha na kuzianika yenyewe. Kuchachusha ndiko huanza kuleta ladha ya chokoleti. Ukiharibu hapo, umeharibu kila kitu. Kakao ikiwa nzuri, watengenezaji wadogo huko nje wako tayari kulipa zaidi, na mkulima anapata mnunuzi mwingine wa kumwendea.

Kwangu mimi, haki inaanzia hapo: mkulima aweze kusema "siuzi", na watoto wake bado wale jioni hiyo. Kwa hivyo siku nyingine ukishika chokoleti ya aina hiyo, achana na picha. Tafuta kama wameandika mkulima alilipwa ngapi, kisha jiulize angeuzia nani mwingine kama angekataa.