Mkono mmoja, miaka tisa na unga wa maharage

Kila aliyewahi kuingia choo cha stendi saa nane mchana anaijua ile harufu inayochoma pua mpaka machozi yanatoka. Hiyo ni amonia. Lakini mkojo ukitoka mwilini haunuki hivyo. Una urea, na urea haina harufu. Ikiachwa peke yake kwenye maji safi, inaweza kukaa miaka bila kuvunjika. Chooni inavunjika haraka kwa sababu bakteria waliomo wana kimeng'enya kiitwacho urease.

Muulize mwanafunzi yeyote wa sekondari kimeng'enya ni nini, atakujibu: ni protini inayoharakisha mmenyuko wa kikemia bila yenyewe kuisha. Rahisi tu, au sio? Basi miaka mia moja iliyopita hilo neno "protini" lilikuwa ugomvi mkubwa, na urease hiyohiyo ndiyo iliyoumaliza.

James Sumner alizaliwa Marekani mwaka 1887. Akiwa na miaka 17 alikwenda kuwinda, mwenzake akampiga risasi kwa bahati mbaya, na mkono wake wa kushoto ukakatwa chini ya kiwiko. Kumbe yeye alikuwa anatumia shoto! Ikabidi ajifunze upya kila kitu kwa mkono wa kulia, hata tenisi. Alipotaka kusomea kemia ya viumbe Harvard, aliambiwa kwamba mtu wa mkono mmoja hataweza kemia. Hakusikia. Mwaka 1914 akapata shahada ya uzamivu, kisha akaajiriwa Chuo Kikuu cha Cornell.

Mwaka 1917 akaamua kutafuta kimeng'enya kilicho safi kabisa. Akachagua urease kwa sababu imejaa kwenye aina moja ya maharage, Canavalia ensiformis, na kazi yake ni rahisi kupima: unaangalia tu amonia imetoka kiasi gani. Maabara yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Mwanzoni hawakuwa hata na sanduku la barafu, hivyo vyombo viliwekwa dirishani usiku, watu wakiomba baridi ije. Miaka ikapita bila matokeo ya maana.

Wakati huohuo, Ujerumani, Richard Willstätter, mshindi wa Nobel ya mwaka 1915, alikuwa anafundisha kwamba vimeng'enya si protini. Na alikuwa na ushahidi: alisafisha vimeng'enya mpaka vipimo vya protini vikaonyesha hakuna kitu, huku kazi ikiendelea kama kawaida. Nani angembishia?

Mwaka 1926, Sumner alichanganya unga wa maharage na asetoni iliyochanganywa na maji, akauacha uchujike kwenye baridi usiku kucha. Asubuhi akaweka tone moja chini ya hadubini. Akaona fuwele ndogondogo. Alipoziyeyusha kwenye maji, zilivunja urea kwa nguvu ajabu, na vipimo vyote vikasema: hii ni protini.

Wengi hawakumwamini. Walisema protini ni kibebeo tu, kimeng'enya chenyewe kimejificha humo. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1930, pale John Northrop alipopata fuwele za pepsini, kimeng'enya cha tumboni, nazo zikawa protini. Kosa la Willstätter likaeleweka: vimeng'enya hufanya kazi hata vikiwa kidogo mno, kidogo kuliko vipimo vyake vilivyoweza kuona. Mwaka 1946 Sumner alipewa nusu ya Nobel ya kemia. Nusu nyingine waligawana Northrop na Wendell Stanley.

Sasa, kwa nini tujali kama ni protini au la? Kwa sababu hapo ndipo tabia zote za vimeng'enya zinapoeleweka. Protini ni mnyororo uliokunjwa ukapata umbo maalumu, wenye kijishimo ambamo urea inaingia na kuvunjwa. Baridi hupunguza mwendo tu. Moto mkali hukunjua mnyororo, kama ute wa yai unavyoganda kikaangoni. Ukiupoza, haurudi kuwa ute. Asidi nayo huvuruga umbo, lakini kila kimeng'enya kina mazingira yake: pepsini hupenda uchachu mkali wa tumbo, pH karibu 2, wakati urease ya maharage hufanya vizuri karibu na pH 7.

Na urease bado ina mambo. Bakteria Helicobacter pylori, anayesababisha vidonda vingi vya tumbo, huitumia kutengeneza amonia inayopoza asidi pembeni yake, ndiyo maana anaishi mahali ambapo bakteria wengi hufa. Kipimo kimojawapo cha kumgundua ni cha pumzi: unameza urea yenye kaboni iliyowekewa alama, kisha unapuliza. Alama ikitoka kwenye hewa unayopumua, maana yake kuna anayeivunja tumboni mwako.

Harufu ya choo cha stendi, maharage ya Sumner na kipimo cha hospitali: kimeng'enya ni kilekile. Yule aliyeambiwa hataweza ndiye aliyetuonyesha kimetengenezwa na nini.