Kipoyi na Mbio za Sadaka katika Nchi ya Beni

Mavivi, kijiji kilicho kaskazini ya mji wa Beni, hujulikana siku hizi kwa kiwanja chake cha ndege na kwa kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa. Lakini kabla ya hayo kilikuwa ni kijiji cha njiani tu, katika njia iendayo Oicha, na Oicha ndiko alikokuwa munganga. Tabibu huyo, Carl Becker, Mmarekani wa misheni ya Africa Inland Mission, aliingia Kongo mwaka 1929, na katika miaka ya 1930 akafanya maskani yake Oicha, ukingoni mwa msitu wa Ituri, akaanzisha hospitali ambayo habari zake zilienea kwa Wanande wa milimani na kwa Wambuti wa msituni, hata wenye ukoma peke yao waliokwenda kutaka shifaa kwake wakahesabiwa kwa maelfu.

Waliokwenda huko aghalabu walikwenda kwa miguu yao, na wasioweza walikwenda kwa miguu ya watu wengine. Chombo chao kilikuwa kipoyi: miti miwili mirefu, na kati yake kitambaa au matete yaliyosukwa, na wanaume wanne chini yake, na wengine wanne wakifuata nyuma tayari kupokea zamu. Ni ajabu ya historia kwamba katika zama za Bula Matari, yaani za utawala wa kikoloni, chombo hicho hicho kilimbeba bwana mkubwa wa serikali, mzima wa afya, juu ya mabega ya watu waliotolewa vijijini mwao kwa amri, na hakuna aliyethubutu kukataa. Ilhali alipobebwa mgonjwa wa kijiji, mabega yalikuwa yale yale na vilima vilikuwa vile vile, lakini hapakuwa na askari wala kiboko, wala ujira zaidi ya chakula walichochukua wanawake. Naona tofauti hiyo yatosha kumjibu kila asemaye kwamba watu wa bara walifundishwa ihsani na wageni.

Mtoto mdogo hakuhitaji kipoyi. Mgongo wa mama na kitenge vilitosha, na wanaume waliandamana naye ili wampokee mzigo anapochoka. Lakini safari ya mtoto ndiyo iliyokuwa na haraka kupita zote, kwa sababu malaria kali ikimshika mtoto wa chini ya miaka 5, ikamla damu au ikampanda kichwani hata akatukutika kwa degedege, yaweza kumuua kwa muda wa saa chache, na dawa iliyoko umbali wa kilomita 30 haina faida kwake ila kama pana miguu ya kumfikisha. Mbio za namna hiyo hazikuwa za kumtukuza mtoto wala za kumkumbuka. Zilikuwa ni za kushindana na saa.

Yako maradhi ya namna nyingine, yasiyoua kwa saa bali kwa miaka: tundu la moyo alilozaliwa nalo mtoto, vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, saratani. Mgonjwa wa haya hata akikimbizwa namna gani mlangoni pa hospitali atapokewa kwa hesabu ya fedha, na hesabu hiyo humshinda baba yake na ukoo wake wote. Hapo ndipo miguu ilipopata kazi mpya. Mwaka 1980 kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekatwa mguu kwa saratani, na ambaye mateso ya watoto aliowaona wodini hayakumtoka moyoni, alikimbia kwa mguu mmoja wa kuzaliwa na mmoja wa bandia muda wa siku 143, kilomita 5,373, akitaka dola moja kwa kila mtu wa nchi yake. Maradhi yakamrudia mapafuni, akafariki mwaka uliofuata, ila fedha alizoziomba zilikuwa zimekwisha kupatikana. Huku kwetu Afrika ya Mashariki, hospitali ya Mater ya Nairobi, iliyofunguliwa na masista wa Kiayalandi mwaka 1962, ilianzisha mwaka 1993 mbio za kila mwaka ambazo mkimbiaji hununua fulana, na thamani ya fulana hiyo husaidia kuwapasua moyo watoto wa maskini. Wengi wa wakimbiaji hao, tuseme kweli, hutembea tu, na wengine husukuma vigari vya watoto wao. Wala haidhuru, maadamu fulana imekwisha kulipiwa.

Kati ya kipoyi na fulana iko hatua moja ambayo wanahistoria wa mbio huisahau, nayo ilitokea karibu nasi, ng'ambo ya Ziwa Edward. Watu wa Kigezi nchini Uganda walikuwa na vyama vya machela, viitwavyo engozi, ambavyo kila nyumba ilitoa mbebaji zamu yake ilipofika. Hospitali ya Kisiizi, iliyoasisiwa na misheni mwaka 1958, ilipotaka mwaka 1996 kuanzisha bima ya matibabu kwa wakulima, haikuunda chama kipya, wala haikupenda kumwandikisha mtu mmoja mmoja, kwani angengoja augue ndipo ajiunge. Iliviendea vyama vya machela, ikaviandikisha kwa makundi. Watu waliokwisha kuaminiana kwa mabega hawakupata taabu kubwa kuaminiana kwa mfuko.

Nchi ya Beni haikupata nafasi hiyo ya kugeuza mabega kuwa mfuko, na sababu yake si uchoyo. Mwezi wa Septemba 2002, hospitali ya Nyankunde iliposhambuliwa, wauguzi, wanafunzi wao na wagonjwa waliosalimika walikwenda kwa miguu mwendo wa zaidi ya kilomita 100 hadi Oicha. Tangu Oktoba 2014 mauaji yameifanya barabara ya Mavivi, Oicha na Eringeti kuwa njia ambayo mtu haikimbii kwa hiari yake. Kisha ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287, na zaidi ya robo ya wagonjwa walikuwa watoto. Na katika muda huo kumbeba mgonjwa mgongoni, lililokuwa jambo jema kupita yote, likawa mlango wa mauti. Waliopona, ambao miili yao ilikwisha kupata kinga, ndio waliowapakata watoto wachanga wa wagonjwa katika vituo vya malezi vya Beni na Butembo, wakati mama zao wenyewe hawakuruhusiwa kuwagusa.

Nawaomba wasomaji wa Beni, Butembo na Lubero ambao babu zao walibeba kipoyi hadi Oicha, wawaulize wale walio hai bado: nani aliyeita wabebaji, walipumzika wapi, nani aliyewalisha, na asiyetokea zamu yake alifanywa nini. Majibu yaandikwe, na nakala moja ipelekwe Chuo Kikuu cha Katoliki cha Graben, kilichoko Butembo tangu mwaka 1989, ikahifadhiwe huko.