Joistiki na throto za kurushia ndege kwenye kompyuta: nini cha kutazama kabla ya kununua

Programu za kuigiza urushaji wa ndege zinaweza kuendeshwa kwa kibodi ya kawaida, lakini anayejaribu huliona tatizo kabla hata hajaondoka ardhini. Kitufe cha kibodi kina hali mbili tu: kimebonyezwa au hakijabonyezwa. Ndege haiongozwi hivyo. Inataka kuinamishwa kidogo, kisha kidogo zaidi, kisha irudishwe polepole. Hiyo ndiyo kazi ya joistiki, kipini kinachosimama mezani. Ukikisukuma mbele, pua ya ndege inashuka. Ukikivuta nyuma, inainuka. Ukikilaza kushoto au kulia, ndege inainamia upande huo. Throto ni wenzo wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, nao hubaki pale ulipouacha.

Waliocheza michezo ya ndege kwenye simu wameonja jambo linalokaribia hilo, maana ukiinamisha simu na ndege huinama. Kinachokosekana pale ni springi ya kukuambia mkononi katikati ni wapi.

Bei za vifaa hivi zinatofautiana mno. Thrustmaster HOTAS Warthog, seti nzito inayoiga vipini vya ndege ya kivita ya Marekani aina ya A-10C, hugharimu mara kadhaa ya joistiki ya plastiki ya kampuni hiyohiyo. Kwa kijana anayeweka akiba kutoka kwenye mavuno au vibarua, kosa la kununua ni msimu mzima umepotea. Kwa maoni yetu, pesa ya kwanza iende kwenye kitu ambacho hakionekani dukani, nacho ni kihisi kilichomo ndani ya kipini.

Chukua redio ya zamani yenye kitufe cha kuzungusha sauti. Ikishakaa miaka na kuingiwa na vumbi, ukizungusha inakwaruza, au sauti inaruka ghafla kutoka chini hadi juu. Ndani ya kitufe hicho kuna potenshiomita: ukanda mwembamba wa kaboni, na kidole kidogo cha chuma kinachosugua juu yake. Joistiki nyingi za bei nafuu zina potenshiomita za namna hiyo, moja kwa kila mwelekeo, nazo huzeeka vilevile. Redio ikikwaruza unaipiga kofi na maisha yanaendelea. Joistiki ikikwaruza ukiwa mita 30 juu ya njia ya kutua, pua ya ndege inaruka juu bila wewe kufanya lolote, na utadhani hujui kurusha.

Aina ya pili haina msuguano. Sumaku ndogo hufungwa kwenye kipini, na karibu yake huwekwa kipande kinachopima jinsi nguvu ya sumaku inavyobadilika kipini kinaposogea. Huitwa vihisi vya Hall, kwa jina la Mmarekani Edwin Hall aliyegundua tabia hiyo ya umeme na sumaku mwaka 1879. Kwa kuwa sehemu zake hazigusani, hakuna kinacholika, na vumbi halina pa kukwaruzia. Thrustmaster T.16000M ni mfano wa joistiki ya plastiki, isiyo ya bei ya juu kabisa, yenye vihisi hivyo. Kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya udongo tungeichagua hiyo na kuiacha yenye vitufe mara mbili yake. Ila soma maelezo kwa makini: kuna vifaa ambavyo vihisi vya Hall viko kwenye mbele-nyuma na kushoto-kulia tu, huku throto ikiwa bado na potenshiomita.

Wengi wetu tutanunua mtumba, na hapo kuna kipimo cha bure. Nenda na kompyuta mpakato yenye Windows, chomeka joistiki kwenye USB, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kisha ufungue sifa za kifaa hicho. Utaona kisanduku chenye alama ndogo ya msalaba. Sogeza kipini polepole kutoka ukingo mmoja hadi mwingine: alama isogee nacho bila kurukaruka. Kiachie ghafla, irudi katikati na itulie. Ikitetemeka wakati hujashika kitu, potenshiomita imekwisha au imejaa uchafu. Muuzaji atakuambia kwamba inahitaji kusawazishwa tu. Kusawazisha hurekebisha kipini ambacho katikati yake imehama, mtetemo hakuuondoi.

Jambo jingine la kuuliza ni kama kipini kinazunguka, kama unavyozungusha kifuniko cha chupa. Mzunguko huo huongoza usukani wa mkia, ambao kwenye ndege halisi huendeshwa kwa miguu. Bila huo utapata shida mapema, kwa sababu ndege nyingi ndogo za pangaboi moja, Cessna 172 ikiwemo, huvutwa kushoto zinapoongezewa nguvu ili kuruka, na rubani lazima akanyage kulia ili abaki kwenye mstari. Pedali za miguu zinauzwa, lakini ni gharama nyingine kubwa. Anayeanza anatoshwa na kipini kinachozunguka. Warthog, pamoja na ughali wake wote, haina mzunguko huo.

Tukija kwenye throto, joistiki nyingi huwa nayo ndogo kwenye kitako chake, kama ilivyo kwenye Logitech Extreme 3D Pro. Inafanya kazi. Udhaifu wake ni kwamba mwendo wake ni mfupi, na kutua kwa ndege ndogo kunahitaji marekebisho madogo sana. Cessna 172 hukaribia njia ya kutua kwa takriban kilomita 120 kwa saa. Pua ndiyo inayoshika mwendo huo, na nguvu ya injini huamua unashuka kwa kasi gani. Ukiona unashuka mno unaongeza nguvu kidogo tu, unasubiri, unatazama. Kijiwenzo kifupi ukikigusa tu nguvu inapanda kuliko ulivyotaka, unaishusha, inashuka mno, na hivyo hivyo hadi chini. Throto inayojitegemea hukupa nafasi zaidi: ile ya Thrustmaster iitwayo TWCS husafiri milimita 80. Ukiweza kuijaribu kabla ya kulipa, isukume kwa kidole kimoja. Ikikwama kisha ikafyatuka, iache. Na isiwe na springi ya kuirudisha katikati kama vijiti vya padi ya michezo.

Kuna swali ambalo matangazo hayaligusi: utashika kwa mkono upi? Seti nyingi zimeigwa kutoka ndege za kivita, ambako mkono wa kulia hushika kipini na wa kushoto hushika throto. Lakini anayejifunza kwenye Cessna huketi kushoto, akishika usukani kwa mkono wa kushoto na throto kwa wa kulia. Rubani mkuu wa Airbus naye ni hivyo hivyo. Kipini chake kiko ubavuni kushoto. Kama ndoto yako ni kuwa rubani wa ndege za kiraia, tafuta joistiki inayoshikika kwa mkono wowote. T.16000M ni mojawapo, na vipande vyake vya mpini hubadilishwa. Zilizochongwa kwa vidole vya mkono wa kulia pekee zitakuzoesha kinyume.

Vipi kuhusu usukani wa kushika kwa mikono miwili, ule wa Boeing 737 au wa Cessna Caravan zinazotua kwenye viwanja vidogo vya mbugani na Zanzibar? Unapatikana, lakini ni mkubwa, hufungwa kwenye ukingo wa meza imara, na haufai kwa ndege za aina nyingine. Airbus A220 za Air Tanzania, kwa mfano, zina kipini cha pembeni. Joistiki inaweza kuongoza ndege zote hizo katika programu, kwa kuwa kanuni ya mbele, nyuma, kushoto na kulia ni ileile.

Umeme si tatizo. Joistiki za kawaida hupata wa kutosha kutoka kwenye USB ya kompyuta. Tatizo kubwa ni programu yenyewe. Microsoft Flight Simulator ya 2020 ilihitaji gigabaiti 150 za nafasi, na kwa anayenunua bando hiyo ni habari ya kusikitisha. FlightGear ni ya bure, ni ndogo zaidi, na ukishapakua programu na mandhari ya eneo unalotaka inafanya kazi bila intaneti. Ukiwa bado hujanunua chochote, ipakue hiyo kwanza, hata mahali penye Wi-Fi, uone kama kompyuta yako inaiweza.

Sasa suala la leseni. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linataka anayeomba leseni ya rubani binafsi awe na saa zisizopungua 40 za kuruka, au 35 akiwa kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa. Saa unazorusha nyumbani kwa joistiki haziingii humo. Mashine za kuigiza zinazoweza kuhesabiwa, tena kwa kiwango kidogo, ni zile zilizokubaliwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi husika. Chuo kikikuonyesha chumba chenye skrini na throto zinazong'aa, omba kuona hati ya idhini ya mashine hiyo kabla ya kulipa ada.