Mbwa gani wa kutembea naye Matiri?

Unaishi Matiri, au una mpango wa kuhamia Mbinga. Unapenda kupanda milima ya Umatengo, kushuka mpaka Mbamba Bay, hata kulala porini. Sasa unataka mbwa wa kuongozana naye, na simu yako imejaa picha za German Shepherd. Kabla hujatoa hela, hebu sikia habari za mbwa mmoja aliyepita pande hizi za Ruvuma mwaka 1866.

Aliitwa Chitane, poodle wa David Livingstone. Msafara wao uliteremka Mikindani mwezi Machi, ukafuata mto Ruvuma hadi Ngomano, halafu ukaelekea Ziwa Nyasa. Livingstone alilifikia ziwa Agosti 8. Alikuwa amekuja pia na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, baghala na punda, kwa sababu alitaka kuona kama wangestahimili mbung'o. Wengi walikufa. Lakini walikuwa pia wanapigwa na kubebeshwa mizigo kupita kiasi, kwa hiyo hata leo huwezi kusema kwa uhakika nani aliuawa na mbung'o na nani na binadamu. Jaribio likaharibika hivyo hivyo.

Chitane yeye alisonga mbele. Kwenye shajara yake Livingstone anaeleza jinsi alivyokimbia mpaka kwa mtu wa kwanza wa msafara, akarudi kwa wa mwisho na kumbwekea aongeze mwendo. Kwa ujasiri, anasema, aliwashinda mbwa mia wa vijijini. Januari 1867, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, walivuka kinamasi chenye maji ya kiunoni. Kila mtu alikuwa anahangaika asianguke, na Livingstone alisahau kutoa agizo lolote kuhusu mbwa. Chitane akaogelea mpaka akazama. Na poodle, kwa taarifa yako, ni aina iliyozalishwa Ulaya kwa kazi ya kuokota bata majini!

Tuwarudie wale mbwa mia wa vijijini, maana hapo ndipo mimi na Livingstone tunapoachana. Mwaka 2009 watafiti walichapisha uchambuzi wa DNA za mbwa 318 wa mitaani na vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Tanzania haikuwamo, lakini jirani zetu wa Uganda walionekana kuwa na asili ya Kiafrika hasa, siyo machotara wa mbwa wa wakoloni kama wengi wanavyodhani. Rhodesian Ridgeback, anayeuzwa kwa bei kubwa kama "mbwa wa Afrika", asili yake kubwa ilionekana kuwa ya nje. Basenji wa Kongo ndiye aliyekaa pamoja na mbwa wa kienyeji.

Na hilo jina basenji usilipite haraka. Linahusishwa na neno lile lile tunalotukania: washenzi. Yaani mbwa wa washamba, ambaye leo anafugwa Ulaya kwa vyeti na mashindano. Waingereza walipowapeleka kwao mwaka 1895, mbwa hao walikufa kwa distempa, na uzalishaji ulifanikiwa miaka ya 1930 tu. Umeona? Mbwa wa Kongo alishindwa Uingereza kama mbwa wa Ulaya anavyoshindwa kwenye mbung'o. Ugumu wa mbwa unategemea yuko wapi, na vimelea gani babu zake walipambana navyo.

Kwa hiyo mimi ningekwenda kwa jirani mwenye jike la kienyeji linalofuata watu shambani. Mwangalie mama: anatembea vizuri? Macho maangavu? Mbwa akiumwa ugonjwa wa mbung'o, macho yanaweza kuweka ukungu mweupe. German Shepherd naye siyo mbwa mbaya, polisi wanamtumia, ila nyonga zake huwa na matatizo ya kurithi, na miteremko ya Umatengo haina huruma.

Ukishampata, muone afisa mifugo wa kata. Mbwa wa kienyeji naye anaugua kichaa, na kupe hawachagui. Omba na chanjo ya distempa kama unakwenda naye karibu na hifadhi: mwaka 1994 virusi hivyo viliua kama theluthi moja ya simba wa Serengeti, na vilihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani.