Watu Waliofanywa Hati, Wakanyimwa Hati

Kisiwa cha Lipe, kilichoko katika Bahari ya Andaman karibu kabisa na mpaka wa kusini wa Thailand, huuzwa kwa watalii kwa neno moja: utulivu. Katika miezi ya mvua na pepo za kusini-magharibi, tangu Mei hadi Oktoba, neno hilo huukaribia ukweli. Safari za boti hupungua, hoteli nyingi hufungwa, na mgeni anayeamka mapema aweza kuziona mashua zimepandishwa mchangani, madema yamerundikwa chini ya minazi, na wanawake wakisafisha samaki bila kumjali. Atapiga picha, kisha ataondoka akiamini kwamba ameona kijiji ambacho historia ilikipita kando. Lakini kijiji hicho kilikua mahali pale kwa sababu ya mpaka uliochorwa na mataifa mawili, na utulivu wake wa leo umefunika mgogoro ambao bado unawatoa watu machozi.

Wenyeji wake ni Urak Lawoi, jina ambalo kwa lugha yao maana yake ni watu wa bahari. Wathai huwaita Chao Le, maana ni ile ile. Lugha yao ni jamaa ya Kimalei, na ukoo wake wa lugha umeenea hadi Madagaska. Kwa hiyo maneno yao yana ndugu hata ng'ambo ya visiwa vya Komoro, jambo ambalo msomaji wa pwani yetu huenda hakulitarajia. Kwa vizazi vingi waliishi baina ya visiwa vya Phuket, Lanta na Adang, wakihama na majira. Safari hizo za familia nzima, za wiki kadhaa za kuvua na kuokota katika visiwa vya mbali, huziita bagad. Katika maisha ya namna hiyo mtu ana haki zake, ingawa hazikuandikwa popote: kisima kinachojulikana ni cha nani, mnazi uliopandwa na babu, ghuba ya kutegea madema, na kaburi. Hakuna aliyeona haja ya kuzungusha ua.

Mnamo Machi 1909 Siam na Uingereza zilitia saini mkataba mjini Bangkok. Siam iliachia madai yake juu ya Kedah, Kelantan, Terengganu na Perlis. Kwa upande wake ikabakiwa na Satun, ambayo kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Kedah. Baharini mpaka ulipita kati ya visiwa: Langkawi ikaenda kwa Waingereza, Tarutao na majirani zake wakabaki Siam. Mstari juu ya ramani ni rahisi, lakini kuushika ni kazi nyingine. Dola inayodai kisiwa kisicho na raia wake huwa na hoja dhaifu, na visiwa vya Adang vilikuwa mbali na bara na karibu na Langkawi.

Mapokeo ya Lipe yanasema kwamba wakuu wa Satun walimwomba mzee mmoja wa Urak Lawoi, To Kiri, awaongoze watu wake waje kukaa huko, ili ionekane kwamba visiwa vina watu na watu hao ni wa Siam. Kumbukumbu hiyo imebaki kwa sababu ina uzito wa kisheria, na wajukuu wanaijua. Miili yao, vibanda vyao na minazi yao ilikuwa ushahidi wa mamlaka ya Bangkok. Walikuwa hati ya dola kabla dola haijafikiria kuwapa hati wao.

Jirani yao, Tarutao, alipata matumizi mengine. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali iliufanya kuwa koloni la wafungwa, na mwaka 1939 wakaletwa huko wafungwa wa kisiasa waliohusishwa na uasi wa Boworadet wa 1933. Mmoja wao, So Sethaputra, alikuwa akitunga kamusi ya Kiingereza na Kithai katika miaka yake ya kifungo. Kazi hiyo ikaja kutumiwa na vizazi vya wanafunzi wa Thailand. Vita vya Pili vya Dunia vilipokatiza chakula na dawa, wafungwa na askari wao waligeuka maharamia pamoja, wakizivamia meli za biashara mpaka jeshi la Uingereza lilipowakomesha mwaka 1946. Ni nadra kupata mfano mwepesi zaidi wa jinsi mlinzi na mfungwa wanavyofanana pindi mshahara unapokatika.

Turudi Lipe. Mwaka 1954 Thailand ilipitisha Kanuni ya Ardhi, iliyomtaka kila anayekalia ardhi bila hati aiarifu serikali katika muda wa siku 180. Tangazo hilo lilimhusu msomaji wa Kithai anayekaa karibu na ofisi ya wilaya. Mvuvi aliyekuwa katika bagad, asiyejua kusoma, na ambaye hakuwa na neno la kumaanisha kumiliki mchanga, hakuwa na njia ya kuitikia wito huo. Waliojua kuandika waliandikisha. Msomaji wa Kilifi au Kwale anayeikumbuka Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 hahitaji kuelezwa zaidi.

Kisha mwaka 1974 Tarutao na visiwa vya jirani, Adang ikiwemo, vikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Familia zilizokaa Adang zilihamishiwa Lipe, na mambo yaliyokuwa riziki, kama kukata fito za madema au kulala katika ghuba za mbali, yakawa makosa. Wakati huo huo dola iliendelea kuwakumbatia kwa majina. Waliitwa rasmi Wathai Wapya, na familia nyingi za Lipe hutumia jina la ukoo Hantalay, lenye maana ya mashujaa wa bahari. Mtu aweza kupewa sifa nzuri na akanyang'anywa kiwanja katika muhula mmoja wa utawala; ofisi zinazotoa vitu hivyo viwili hazikai katika jengo moja.

Utalii ulipokuja kwa nguvu, karatasi zilizolala kwenye mafaili zikawa na bei. Hati zilibadilika mikono, mipaka ikabishaniwa, kesi za kuwaondoa wenyeji zikafunguliwa. Mwishoni mwa 2022 mgogoro ulifika mlangoni mwa shule: njia waliyoitumia wanafunzi na wanakijiji ilizibwa na aliyedai kuwa ni ardhi yake binafsi. Watu waliandamana, na serikali ikaunda kamati ya kuchunguza hati za kisiwa. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanajua kamati ni nini. Pia wanajua kwamba azimio la Baraza la Mawaziri la Juni 2010, lililoagiza kurejeshwa kwa maisha ya Chao Le pamoja na usalama wa makazi yao, ni agizo la kiutawala tu; halifuti hati iliyokwisha kutolewa.

Mahakama imewahi kuonyesha njia nyingine. Huko Rawai, Phuket, ambako Januari 2016 wanakijiji wa Chao Le walipigwa walipokuwa wakitetea njia ya kwenda kwenye eneo lao la ibada, kesi za kuwaondoa ziliwalazimisha wachunguzi kutafuta ushahidi usioandikwa. Walipima mifupa ya makaburini. Walikadiria umri wa minazi. Walitafuta picha za ziara ya Mfalme Bhumibol ya mwaka 1959, zilizowaonyesha watu hao mahali pale pale. Hati haikuweza kushindana na mzee aliyezikwa kabla yake; mwaka 2017 mahakama iliamua kwa kuwapendelea wanakijiji katika kesi iliyotegemea ushahidi huo.

Lipe nayo ina makaburi na minazi, tena ina ushahidi ambao Rawai haikuwa nao: hoja ya Siam yenyewe ya 1909. Ikiwa ukaaji wa watu wa To Kiri ulitosha kuthibitisha kwamba kisiwa ni cha Siam, wakili wa serikali angepata taabu kueleza kwa nini ukaaji huo huo hautoshi kuthibitisha uwanja wa nyumba. Lakini hoja hiyo inahitaji mashahidi, na wazee waliosikia habari za To Kiri kutoka kwa waliomwona wanapungua. Wengi wao hujieleza vizuri zaidi kwa Urak Lawoi kuliko kwa Kithai, na minazi, ambayo haina lugha, hukatwa kila kinapotafutwa kiwanja cha hoteli mpya.