Risasi ya .458 Magnum na Wawindaji Wanaojijazia Wenyewe

Kujaza risasi kwa mkono ni kulitumia tena ganda lililokwisha kufyatuliwa. Ganda hubanwa katika kalibu ili lirudie kipimo chake, hutiwa fataki mpya kitakoni, hupimiwa baruti, kisha hufungwa kwa kichwa kipya cha risasi. Wawindaji wengi wa Marekani hufanya hivyo ili kupunguza gharama na kuboresha shabaha. Kwa mwenye bunduki ya magnum anayekusudia kumkabili nyati au tembo ipo sababu nzito zaidi, nayo inaonekana vyema katika historia ya kaliba ya .458.

Kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa risasi ya .458 Winchester Magnum mwaka 1956. Ganda lake lilikuwa na urefu wa milimita 63.5 tu ili litoshe katika bunduki za kawaida, zilizokuwa nafuu kuliko zile za mitutu miwili kutoka Uingereza. Iliahidiwa kwamba kichwa cha gramu 33 kingekwenda takriban mita 650 kwa sekunde. Ili kuufikia mwendo huo, baruti ilibidi ishindiliwe. Baruti iliyoshindiliwa na kukaa muda mrefu ilishikamana kuwa bonge, nayo haikuungua yote. Mwendo ukapungua, na malalamiko yakatoka kwa wawindaji weledi barani Afrika. Lawama ilielekezwa kwa baruti, ingawa kiini chake kilikuwa ufupi wa ganda.

Mwindaji wa Marekani, Jack Lott, alijeruhiwa na nyati nchini Msumbiji mwaka 1959 akitumia kaliba hiyo. Baadaye alichukua ganda refu la .375 Magnum, lililobuniwa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, akalipanua lipokee kichwa cha .458 na kulipunguza hadi milimita 71. Ndiyo .458 Lott, inayosukuma kichwa cha gramu 32 kwa takriban mita 700 kwa sekunde. Kwa miaka mingi hakuna kiwanda kilichoiuza. Aliyeihitaji alijijazia mwenyewe. Bunduki yake hupokea pia risasi fupi za Winchester, faida isiyo ndogo kwa msafiri aliyepotelewa na mizigo.

Ujazaji huo una hatari zake. Maganda haya yana mshipi karibu na kitako, na yakibanwa kupita kiasi hutanuka mbele ya mshipi huo kila yanapofyatuliwa, hata yakakatika. Kishindo cha bunduki nacho huweza kuzisukuma ndani ya maganda vichwa vya risasi zilizobaki katika magazini, ndiyo maana mdomo wa ganda hubanwa kwa nguvu kukizunguka kichwa.

Joto husahaulika zaidi. Kipimo cha baruti kilichoonekana salama wakati wa baridi huko Ulaya huweza kuzidisha shinikizo katika jua la Selous, ganda likang'ang'ania chemba wakati risasi ya pili inahitajika. Wajazaji makini hubaki chini ya kiwango cha juu kilichochapishwa katika vitabu vya vipimo. Kabla ya safari, risasi zote hupitishwa chemba moja moja, mtutu ukielekezwa upande salama, na ile inayokwama haiingizwi katika sanduku la safari.