Mod Tuiite Geuzo

Mwaka 2002 kampuni ya DICE ya Stockholm, Sweden, ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Battlefield 1942. Wachezaji hadi 64 walikutana kwenye uwanja mmoja wa Vita vya Pili vya Dunia, wengine kwa miguu, wengine ndani ya vifaru, ndege na manowari, wakigombea bendera. Haukupita muda, kikundi cha wapenzi wa mchezo huo kilichojiita Trauma Studios kikatoa kazi yake, Desert Combat. Miaka ya 1940 ikatoweka. Mahali pake pakawa na jangwa la Vita vya Ghuba vya 1991: vifaru vya Abrams dhidi ya T-72, na helikopta za Apache juu ya vichwa. Aliyeitaka Desert Combat aliipata bure, ila sharti awe tayari na Battlefield 1942 kwenye kompyuta yake. Bila mchezo ule wa asili, kazi hii haikuwaka.

Waingereza wanaiita kazi ya namna hii mod. Sisi tuiiteje?

Njia nyepesi ni kulipa neno hilo irabu ya mwisho, tuseme modi. Sina ugomvi na ukopaji. Manowari yenyewe tuliitoa kwa Waingereza na hakuna anayeiona ngeni leo. Shida ya modi ni kwamba neno jingine la Kiingereza, mode, lenye maana ya namna ya kucheza, nalo likitua katika Kiswahili linakuwa modi. Na mod moja huwa na mode kadhaa ndani yake. Mwandishi atakayeeleza kuwa modi hii ina modi tatu atakuwa amemtupa msomaji porini.

Kiraka hakifai. Kiraka hutolewa na mtengenezaji mwenyewe kuziba tundu la programu yake. Nyongeza nayo ina mwenyewe: ni sehemu ya ziada ambayo kampuni huiuza baada ya mchezo kutoka. Marekebisho ndiyo naona wengi wanayakimbilia, na ndiyo ninayoyapinga zaidi, kwa sababu anayerekebisha ameona kosa. Waliounda Desert Combat hawakuona kosa katika Battlefield 1942. Waliupenda mchezo huo, wakaushika, wakaugeuza kuwa kitu kingine.

Hapo ndipo neno lilipo. Geuzo la mchezo, wingi mageuzo. Anayelifanya ni mgeuzaji. Kazi yake ni kugeuza mchezo. Geuzo ni kazi inayobadili sura, vifaa au kanuni za mchezo uliokwisha kutoka, ikifanywa na wasio wenye mchezo huo, na isiyoweza kuchezwa bila mchezo wenyewe. Atakayehofia kwamba mageuzo yatachanganywa na mageuzi ya siasa asihofu: irabu ya mwisho inatosha kuyatenga, kama inavyotenga mengi katika lugha hii.

Neno likishakubalika, kazi yenyewe inahitaji msamiati. Chukua ndege moja ya kivita. Mgeuzaji huanza na umbo la pande tatu, yaani ganda lililoshonwa kwa vipembetatu vingi. Vipembetatu vikizidi, ndege inapendeza lakini kompyuta inakwama. Kisha umbo huvalishwa picha: rangi, kutu, alama za kikosi, masizi karibu na mtutu. Hadi hapo ni sanamu tu. Uhai wake umo katika faili za maandishi zinazoueleza mtambo wa mchezo, yaani programu inayouendesha, kwamba hapa pana bawa, hapa pana injini yenye nguvu kadhaa, hapa anakaa rubani. Katika Battlefield 1942 faili hizo zilisomeka kwa kihariri cha kawaida cha maandishi. Kijana asiyejua kuandika programu aliweza kubadili tarakimu moja, akarudi mchezoni na kuona bunduki yake ikifyatua kwa kasi mpya. Naamini uwazi huo ndio uliozaa wageuzaji wengi kuliko mafunzo yoyote.

Helikopta ndiyo ninayoistaajabia. Battlefield 1942 ilipotoka haikuwa na helikopta hata moja, na wageuzaji hawakupewa msimbo wa mtambo wake. Ikabidi chombo kinachopaa wima na kuelea papo hapo kiundwe kwa vipande ambavyo mtambo ulikuwa unavijua tayari. Kikaruka.

Kuhusu ramani, hapa nasita. Wachezaji huita ramani eneo zima la pambano, pamoja na milima, mito na nyumba zake. Lakini kwenye kona ya kioo kuna mchoro mdogo unaomwonyesha mchezaji alipo, na huo ndio ramani hasa. Napendekeza eneo liitwe uwanja, na ramani ibaki kwa mchoro. Uwanja huanza na picha ya kijivu: penye weupe ardhi imeinuka, penye weusi imezama. Juu ya sura hiyo ya nchi mgeuzaji hupanda miti, hutandaza barabara, huamua bendera zisimame wapi. Mgeuzaji wa kwetu anaweza kuanza na bonde la Kabaw huko Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana mwaka 1944 katikati ya mvua na matope. Picha ya kijivu ya bonde hilo inasubiri mtu.

Silaha mpya huleta swali la uwiano. Geuzo la Forgotten Hope, nalo la Battlefield 1942, lilijengwa kwa ajili ya ukweli wa kihistoria. Sasa kifaru cha Tiger cha Wajerumani kilikuwa na bamba la mbele la milimita 100 na mzinga wa milimita 88, wakati Sherman nyingi za Wamarekani zilibeba mzinga wa milimita 75. Ukisema kweli kuhusu chuma, upande mmoja unanyongwa. Ukivisawazisha vifaru hivyo, umeidanganya historia. Dawa ninayoiona ya haki ni kuusema ukweli wote: vitani Tiger zilikuwa chache na Sherman zilikuwa nyingi, basi na uwanjani iwe hivyo.

Kampuni nazo hutazama. Mwaka 2004 DICE iliinunua Trauma Studios. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama geuzo la mchezo wa Half-Life, mikononi mwa Minh Le na Jess Cliffe; Valve, wenye Half-Life, wakalichukua, na mwaka uliofuata likauzwa dukani kama mchezo kamili, bila mnunuzi kuhitaji kuwa na Half-Life. Tangu siku hiyo sioni sababu ya kuliita geuzo.